Sauti ya Bi. Mwanawetu Nyuma ya Nyumba

Saa saba mchana, Nkowe. Kivuli cha nyumba kimerudi kwenye mguu wa ukuta, na majani ya mikorosho bado yana vumbi la njano la salfa, dawa ya ukungu, iliyopulizwa alfajiri. Nyuma ya nyumba ya Mzee Masoudi, juu ya mkeka, Teodosia Eusebio ameketi akitazamana na msichana wa miaka sita. Kati yao kuna kioo kidogo chenye fremu ya plastiki.

Mtoto anavuta pumzi ndefu. Mdomo wake unakwenda upande. Mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu; wa kushoto unapiga paja polepole, pigo moja kwa kila silabi.

"Ma-ji," anasema. "Ma-ji ya mo-to."

Sauti ni nzito, ina mkwaruzo, na kila neno linatoka kana kwamba limeburutwa. Ni sauti ya mwanamke mtu mzima aliyepigwa na kiharusi. Lakini Hajra hajawahi kuugua kiharusi. Mkono wake ni mzima na midomo yake ni mizima. Alipelekwa kupimwa, na hakuonekana kuwa na kasoro yoyote.

"Siku ya kwanza nilipoisikia, nilikuwa pale barazani ninavua viatu," anasema Teodosia. "Nilivivaa tena."

Alivivaa kwa sababu aliitambua sauti hiyo. Mwenye nayo alikuwa amekwisha kufariki, na maneno yale, kwa mpangilio uleule, aliyafundisha yeye Teodosia.

Teodosia, mwenye umri wa miaka 41, ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Wengi anaowahudumia hawajawahi kusikia jina la kazi hiyo, kwa hiyo wamempa jina lao: mwalimu wa maneno. Halimkeri, kwa kuwa alianza kweli kama mwalimu. Alifundisha darasa la watoto wenye mahitaji maalumu kabla ya kupata ufadhili wa kusomea tiba hiyo. Leo ana chumba kimoja katika kituo kidogo cha mazoezi ya viungo mjini Nachingwea, na bodaboda humfikisha Nambambo, Mkotokuyana na, baada ya kuvuka mpaka wa wilaya, Ruangwa.

Safari ya Nkowe peke yake humla zaidi ya shilingi elfu ishirini, kwenda na kurudi. Wachache humlipa fedha. Wengine hulipa kwa ufuta, mbaazi au kuku.

"Kuku wangu wote wametokana na magonjwa ya watu," anasema bila kucheka.

Hapendi kuwaita wagonjwa. Huwaita wenzake. "Tiba hii haina sindano," anaeleza. "Dawa yake ni watu wawili kutazamana midomo bila haya. Mwenzangu akishaanza kunionea haya, dawa imekwisha."

Jambo la pili analolisisitiza alilipata kwa Mayunga, kijana wa familia ya wafugaji waliohamia Mkotokuyana kutoka Kanda ya Ziwa. Mayunga ana kigugumizi kizito mbele ya watu, lakini huwaita ng'ombe wake siku nzima bila kukwama hata mara moja. Teodosia alimuuliza sababu.

"Ng'ombe ha-ha-hawanimalizii sentensi," alijibu kijana huyo.

Tangu siku hiyo, Teodosia humwambia kila ndugu wa mgonjwa maneno hayo. Usimmalizie. Subiri. Hata chai ikipoa, subiri.

Katika nyumba ya Mzee Masoudi, maneno hayo yalichelewa kufika.

Miaka mitano iliyopita, mkewe, Bi. Mwanawetu, alianguka shambani kwa kiharusi wakati wa kuokota korosho. Mguu ulirudi mapema. Mkono wa kulia na maneno havikurudi. Alielewa yote aliyoambiwa, lakini kutoa lake ndiko kulikomshinda, na kidogo alichokitoa kilitoka upande mmoja wa mdomo, kizito, chenye mkwaruzo.

Katika kikao cha kwanza, Teodosia humuuliza kila mtu mzima swali moja: ungependa neno gani lirudi kwanza? Asiyeweza kusema huonyesha kwa kidole au kwa picha. Bi. Mwanawetu hakuonyesha maji, wala chakula. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni, ambako mumewe alikuwa amempa mgongo, anakung'uta vumbi la salfa kwenye shati.

Baada ya kubahatisha sana, wakaelewana. Neno alilolitaka ni lile alilomwitia mumewe tangu walipopata mtoto wa kwanza, Swalehe: Baba Swalehe.

Neno lilikuwa refu mno kwa mwanzo. Wakaanza na maji. Teodosia ni Mmakonde wa Newala na hajui Kimwera, kwa hiyo masomo yote yalikwenda kwa Kiswahili: neno fupi, kisha mawili, kisha matatu, paja likipigwa kwa kila silabi ili maneno yapate mdundo wa kufuata. Hakumwambia mzee kuhusu lile neno la mlangoni.

"Neno la mwenzangu ni siri yake mpaka alitoe mwenyewe," anasema.

Alimwachia Bi. Mwanawetu kioo na agizo moja: atafute mtu asiyemharakisha, afanye naye mazoezi kila siku. Hakuuliza mtu huyo angekuwa nani.

Mume hakufaa. Analikiri hilo bila kuzunguka. "Nilikuwa nammalizia," anasema Mzee Masoudi. "Akianza 'ma', mimi nimeshaleta maji. Nilidhani ndiyo kumpenda."

Nyumba yao iko peke yake katikati ya mikorosho. Binti yao, Amna, wakati huo alikuwa akipika kwa mama lishe mjini Ruangwa, na mtoto wake mchanga, Hajra, alimwacha kwa wazazi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba, mzee alimfunga mtoto mgongoni mwa mkewe kwa khanga, kwa kuwa mkono mmoja haukuweza kufunga fundo. Kisha aliondoka.

Bi. Mwanawetu naye alikwenda nyuma ya nyumba, akatundika kioo kwenye msumari, akaanza somo lake. Mtoto aliyekuwa mgongoni alichungulia juu ya bega, akautazama uso ule ndani ya kioo. Hakucheka wala hakummalizia. Alipokua kidogo, aliketi pembeni mkekani na kusikiliza. Hali ilikuwa hiyo kwa karibu miaka mitatu, kuanzia jua linapopanda hadi mzee anaporejea.

"Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namfunga," anasema mzee, na anaangalia mikono yake.

Bi. Mwanawetu alifariki kabla ya kulifikia neno alilolitaka. Baada ya mazishi, Amna alirudi nyumbani kabisa na kumkuta mwanawe hasemi.

"Hakulia wala hakuita," anasema. "Ukimwambia lete, analeta. Ukimwambia njoo, anakuja. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa kama mlango wa watu waliohama."

Ukimya huo uliendelea kwa karibu mwaka. Kisha, mchana mmoja, Amna akiwa jikoni anachambua mboga, alimsikia mama yake nyuma ya nyumba akiomba maji ya moto.

"Nilibandika sufuria," anasema Amna. "Nikachochea na kuni. Maji yalipoanza kuchemka ndipo nikakumbuka kwamba mama amekufa."

Akazunguka nyumba. Hakukuwa na mtu isipokuwa Hajra mkekani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala.

Habari kama hiyo haikai nyumba moja. Wanawake waliozoea kukatiza hapo wakienda kisimani walianza kuzungukia njia ya mbali. Darasani kwenye elimu ya awali, Hajra aliomba maji, na watoto wakatoka mbio bila ruhusa ya mwalimu. Waliobaki karibu walikuwa wazee, nao walikuja kwa heshima, wakavua kofia, wakasikiliza.

Mzee Rashidy, kaka wa marehemu, ndiye mwenye kauli katika ukoo kuhusu nani arithi jina la nani. Kwake yeye jambo hilo halikuwa na utata. Jina la Mwanawetu lilikuwa limejichagulia mtu. Baada ya mauzo ya korosho, ukoo ungekutana, Hajra apewe jina hilo na heshima yake yote.

Amna aliijua maana yake. Katika ukoo wao, aliyerithi jina huheshimiwa kama mwenye jina. Hakuna ambaye angethubutu kumrekebisha Hajra usemi, kwa kuwa bibi harekebishwi.

"Akishapewa jina la mama yangu, nitamwamkia mwanangu shikamoo," anasema. "Sasa niambie, nani humpeleka bibi yake darasa la kwanza?"

Mapema mwaka huu alipanda gari hadi Nachingwea kumtafuta mwalimu wa maneno.

Mzee Rashidy alimkuta Teodosia barazani, mwalimu huyo alipokuja mara ya pili. "Mwalimu," alimwambia, "unamtibu mtoto au unamtibu marehemu?"

"Marehemu nilimtibu, mzee wangu. Hatukumaliza tu."

"Basi maliza. Ukishindwa kabla ya korosho kuuzwa, jina litakuwa limejisemea lenyewe. Na nauli yako usinidai mimi."

Mzee Masoudi alikuwa mgumu zaidi. Kila jioni alikuwa akiketi ukutani, upande wa nyuma, akisikiliza akiwa amefumba macho. Teodosia alipomweleza kwamba sauti ya mtoto inaweza kubadilika, hakupandisha sauti.

"Mmoja nimeshamzika," alisema. "Huyu niachie."

Teodosia hakubishana naye. Alimuuliza maswali mawili. La kwanza: je, siku mlipooana, bibi alizungumza hivi? La pili: nyumbani mlizungumza lugha gani?

"Kimwera. Lugha gani tena?"

"Hajra anazungumza Kiswahili kitupu, mzee wangu. Kimwera mnachomsemesha anakielewa, lakini hakitoi. Maneno yake yote ni ya somo langu, yamepangwa nilivyoyapanga, na yanaishia pale somo lilipoishia. Hiyo si sauti ya mke wako. Ni sauti ya maradhi yake. Yeye mwenyewe aliionea haya hata akaja kuificha huku nyuma."

Mzee alichukua bomba lake la kupulizia dawa, akaenda shamba. Wiki iliyofuata, Teodosia alipofika, alikuta mkeka umekwisha kutandikwa, mahali palepale pa zamani, na kioo kimefutwa vumbi.

Hapo ndipo Teodosia alipoamua kutofuta kitu. Angeendelea na somo pale bibi alipoachia.

Siku ya kwanza ya somo hilo alimpa Hajra kioo. Mtoto alikitazama, akakiinua juu ya bega lake, akakigeuza huku na huku, akimtafuta mtu mwingine ndani yake. Iliwachukua vikao vingi kumzoesha uso mmoja tu, ulio wake.

Kuhusu sauti, njia ilipatikana kwa bahati. Siku moja kuku alirukia mkoba wa mwalimu, na Hajra akacheka. Kicheko kilikuwa chembamba, cha juu, cha mtoto kabisa.

"Bibi hakuwahi kucheka kwenye mazoezi," anaeleza Teodosia. "Kwa hiyo kicheko hakikuwa na wa kuigwa. Kilibaki chake Hajra. Nikasema, basi tutapitia hapo hapo." Sasa kila somo huanza kwa kumchekesha mtoto, kicheko kikageuzwa mguno, mguno ukageuzwa neno.

Je, anaelewa kilichompata mtoto huyu?

"Mtoto hujifunza kusema kwa yule anayemsikia. Hilo ninalijua. Kwa nini alinyamaza kwanza, kisha akaanza mchana ule, hilo silijui. Sitakudanganya. Nakuja hapa mchana, jua likiwaka, na bado kuna siku mwili unanisisimka."

Leo Mzee Masoudi amewahi kurudi. Kichwa na pua amevizungushia kitambaa, kope zake ni za njano. Anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua chache kutoka mkekani. Amna amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi.

Teodosia anakunja shingo na kumuigiza yule kuku. Hajra anacheka. Kicheko kinageuka mguno. Mwalimu anaguna naye, uso kwa uso.

"Maji," anasema Hajra. Mdomo umenyooka. Sauti ni nyembamba kama uzi.

"Maji gani?"

"Maji ya moto." Hakuna mkwaruzo. Amna anauhamisha mwiko kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Teodosia ananyoosha mkono kuchukua kioo ili waendelee, lakini mtoto hamwangalii tena. Anamtazama babu yake. Mkono wa kushoto umerudi pajani.

"Ba," anasema. Pigo moja. "Ba."

Babu yake huitwa babu. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kumfundisha Hajra namna nyingine. Mzee anafungua kinywa kumsaidia. Teodosia anainua kidole. Mzee anafunga kinywa.

Wanasubiri. Kuku anapita katikati ya mkeka. Upepo unayatikisa majani ya mikorosho, na vumbi la njano linashuka taratibu juu ya mabega ya mzee.

"Swa. Le. He."

Amna anaushika mwimo wa mlango. Neno hilo halikuwamo katika somo lolote. Teodosia hakulifikia na bibi, na hakulitaja mbele ya mtoto. Kama lilifundishwa, lilifundishwa hapa, mchana kama huu, na mwanamke aliyekuwa akilijaribu peke yake mbele ya kioo, mtoto mgongoni.

"Naam," anajibu Mzee Masoudi, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Ndipo Teodosia anapomweleza, kwa sauti ya chini, siku ya kwanza ya matibabu, mlango ule, na mkono wa kushoto ulionyooshwa.

Mzee anasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Wote watatu wanajua kwamba neno hilo, likifika kwa Mzee Rashidy lilivyo, litamaliza mjadala wa jina leo hii. Mzee anafungua kitambaa usoni. Anatoka kwenye ndoo, anaketi mkekani, magoti yakilia, na kuweka kiganja juu ya paja lake mwenyewe.

"Aliyeniita hivyo alikuwa mmoja," anamwambia mjukuu wake. "Nimemsikia, na nimemwitikia. Wewe niite babu."

Anapiga paja. "Ba-bu."

Hajra anautazama mdomo wa mzee. Kioo kiko chini, kimelala kifudifudi.

"Babu," anasema, bila kupiga paja.

Baadaye, akinawa salfa mikononi, mzee anasema atakwenda kwa shemeji yake kabla korosho hazijaanza kudondoka. Atamwomba jina la Mwanawetu lipumzike, na kama ukoo unalitaka lirudi, lisubiri mtoto atakayezaliwa. Hana hakika kama atasikilizwa. "Rashidy ni mtu wa maneno mengi," anasema. "Lakini safari hii nitamwacha ayamalize yote, kisha nitasema langu." Amna ameshanunua kitambaa cha sare ya darasa la kwanza. Anaitazamia Januari.

Teodosia naye ana mipango yake. Kwenye kikao cha kwanza sasa huuliza maswali mawili badala ya moja: unataka neno gani, na unafanya mazoezi na nani? Ana nia ya kupata, katika kila kijiji anachofika, mtu mmoja atakayemfundisha kukaa na mwenye shida ya usemi siku ambazo yeye hayupo.

"Simtafuti msomi," anasema akikunja mkeka. "Namtafuta anayeweza kukaa kimya mpaka mwenzake amalize."

Hajra anamuaga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unaning'inia ubavuni, haujishughulishi na chochote. Teodosia ameuona. "Huo nao utakuja," anasema. "Mimi ni wa maneno. Mkono una mwalimu wake, yuko chumba cha pili pale kituoni. Nitamleta."

Bodaboda inamsubiri chini ya mkorosho wa mwisho. Kabla hajaifikia, sauti inatoka nyuma ya nyumba, ikiomba maji ya moto.

Teodosia anasimama. Kofia ngumu iko mkononi. Anasikiliza, bila kugeuka, mpaka maneno yote matatu yanapotoka.

"Ni Hajra," anasema, kisha anavaa kofia.